Kwenye kompyuta inafunguka, kwenye simu inagoma

Lalamiko ninalolipokea mara kwa mara ni hili: tovuti inafunguka vizuri kwenye Chrome ya kompyuta, lakini programu ya simu inagoma, inadai cheti (faili la kidijitali linalothibitisha kuwa tovuti ni yenyewe kweli) hakiaminiki. Kuna mafundi ambao hapo hapo huanza kuweka cheti kwenye simu za wateja, moja baada ya nyingine. Kazi ya bure, tena ya hatari. Angalia kwanza seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, inatuma nini.

Cheti cha tovuti kimetiwa saini na cheti cha kati, nacho cha kati kimetiwa saini na cheti cha mzizi. Simu hutoka kiwandani na orodha ya vyeti vya mzizi inavyoviamini. Vile vya kati ni juu ya seva kuvituma pamoja na cheti chake. Isipovituma, mnyororo umekatika. Chrome hukifuata cheti cha kati yenyewe, kwa anwani iliyoandikwa ndani ya cheti cha tovuti, na kosa linajificha. Curl (programu ya kuchota kurasa kwa amri) na programu nyingi za Android hazijisumbui.

Pima hivi kwa amri hii ya kompyuta, ukiweka jina la tovuti yako:

openssl s_client -connect tovuti.example:443 -servername tovuti.example -showcerts

Ukiona cheti kimoja tu na maneno "unable to verify the first certificate", tatizo liko kwenye seva. Kwa wanaotumia Nginx (programu ya seva) na Let's Encrypt (shirika linalotoa vyeti bure), mara nyingi mtu ameandika cert.pem, yenye cheti cha tovuti peke yake, badala ya fullchain.pem, yenye na vya kati. Rekebisha, pakia upya mipangilio, kwisha.

Simu kuukuu zina kesi yake. Android za kabla ya 7.1.1 hazina ISRG Root X1, mzizi wa Let's Encrypt. Zilikuwa zikitegemea mzizi mwingine wa zamani, DST Root CA X3, ulioisha muda tarehe 30 Septemba 2021. Zikaendelea kupeta hadi 2024 kwa sababu Android haikagui tarehe ya mwisho ya mzizi! Mwenye simu hiyo alikuwa akishauriwa atumie Firefox, yenye orodha yake yenyewe, ila matoleo yake mapya hayakubali tena Android hizo.

Kuweka cheti kwenye kifaa kunafaa pale ofisi inapotoa vyeti vyake vya ndani, kwa mzizi wake yenyewe. Ila mwenye ufunguo wa siri wa mzizi huo anaweza kutoa cheti cha tovuti yoyote, hata ya benki yako, kwa hiyo cheti ulichotumiwa WhatsApp na usiyemjua, futa. Kwenye Ubuntu, weka faili la .crt ndani ya /usr/local/share/ca-certificates, kisha sudo update-ca-certificates. Kwenye iPhone wengi huishia kusakinisha wasifu, yaani faili la mipangilio lenye cheti hicho. Bado hujamaliza mpaka uingie Mipangilio, Jumla, Kuhusu, ukawashe uaminifu kamili wa cheti hicho. Na tangu Android 7, programu hazikubali vyeti alivyoweka mtumiaji mpaka mtengenezaji wa programu aruhusu kwenye faili lake la mipangilio ya usalama, network_security_config.