Kuweka kompaila ya zamani na mpya kwenye mashine moja

Kompaila hugeuza msimbo ulioandikwa na mtu kuwa programu ambayo kompyuta inaweza kuiendesha. Kuweka matoleo pamoja ni kuwa na, tuseme, GCC 9 na GCC 13 (matoleo mawili ya GCC, kompaila ya lugha za C na C++) kwenye mashine moja ya Linux, ukaita unayoitaka bila kufuta nyingine.

La zamani la nini tena? Kompaila huzidi kuwa kali kadiri zinavyosonga. Kigeu cha jumla, yaani kinachotumiwa na programu nzima, kilichotangazwa kwenye faili mbili za C bila neno extern (linalosema kigeu kimewekwa kwenye faili nyingine) kilikuwa kikipita kimyakimya. GCC 10, ya mwaka 2020, ikaanza kukigomea. GCC 14, ya 2024, inakataa kuita funksheni ambayo haijatangazwa, jambo ambalo kabla yake lilileta onyo tu. Ukali huo una haki yake. Lakini programu iliyojengeka miaka yote inaweza kukwama ghafla, na aliyeiandika keshahama.

Matoleo hayagombani kwa sababu kila moja lina saraka yake ya ndani na amri yenye namba yake: gcc-9, gcc-13. Kwenye Debian na Ubuntu, jina tupu gcc ni kiungo tu kinachoelekeza kwenye mojawapo. Unaweza kukigeuza kwa update-alternatives, amri ya kubadilisha viungo kama hivyo, ila mimi sishauri, maana unabadilishia mashine nzima kwa ajili ya mradi mmoja. Andika make CC=gcc-9 ndani ya mradi wenyewe, mingine itaendelea kama kawaida. Ukijijengea kompaila kutoka msimbo wake, ipe makao ya peke yake, kwa mfano --prefix=/opt/gcc-9.

Penye matata hasa ni wakati wa kuendesha. Programu ya C++ hutegemea maktaba ya libstdc++, yaani msimbo ulio tayari ambao programu huuita inapoendeshwa. Maktaba mpya huhudumia programu za zamani, lakini ya zamani haiwezi kuhudumia mpya. Ukijenga kwa GCC 12 kisha ukapeleka programu kwenye seva ya zamani, unaweza kuambiwa GLIBCXX_3.4.30, alama ya toleo la libstdc++, haipo. Wengi hapo huilaumu kompaila na kuanza kuiweka upya, kumbe kilichokosekana ni maktaba. Jenga kwa toleo la zamani linalolingana na seva, au peleka maktaba mpya pamoja na programu na uielekeze huko kwa rpath, njia ya kutafutia maktaba inayoandikwa ndani ya programu yenyewe.