Ukitaka kumjua shore, mwache aseme

Anayeniuliza aanze na ndege gani kujifunza sauti, humtajia shore. Kwa macho hana makuu: mwili wa kahawia, kichwa cheusicheusi chenye kishungi kifupi, urefu wa sentimita 18 hadi 20. Wengi hutafuta manjano chini ya mkia, lakini wale wa Afrika Magharibi na Kaskazini hapo ni weupe. Dume na jike hufanana. Basi tega sikio.

Huanza alfajiri, ndege wengi wakiwa bado kimya. Wimbo wake ni kipande kifupi cha sauti tatu hadi tano, laini kama maji yakimiminwa kutoka mtungini: kwi-kwolo-kwi! Hunyamaza kidogo, kisha hurudia kilekile, au kinachokaribiana nacho sana. Wanaoanza hujaribu kukariri lahani, na hapo ndipo wanapopotea, kwani lahani hubadilika kutoka ndege mmoja hadi mwingine. Shika mapigo: haraka, mafupi, yenye vituo. Ukisikia ndege anayeunganisha vipande vingi tofauti bila kuchoka, tena akiiga wenzake, huyo si shore.

Sasa fungua macho. Shore hupenda kukaa kileleni mwa kichaka, na mara nyingi wako wawili. Mmoja akitua kando ya mwenzake, hufungua mbawa nusu na wote wawili hupayuka kwa pamoja, kama watu waliopoteana miaka kumi, kumbe ni dakika mbili. (Watu husema fulani anaropoka kama chiriku, mimi naona sifa hiyo ilistahili kupewa shore.) Utawakuta kwenye miti yenye matunda yaliyoiva, ingawa hula pia wadudu na kunyonya nekta ya maua. Jioni hupiga kelele tena kabla ya kulala.

Sauti ninayoithamini kuliko zote, lakini, si wimbo. Ni karipio: kavu, kali, la mfululizo, wakiwa wamekusanyika mti mmoja na ndege wengine wakija kuwaunga mkono. Usipite. Angalia ndani ya majani, kwa maana wanamzomea nyoka, paka au bundi. Bundi kadhaa nimeonyeshwa na shore namna hiyo, nami nilikuwa nimesimama chini ya mti uleule nikitazama kwingine.