Watoto kuponyana majeraha ya moyo: maswali kuhusu kikundi rika kwenye makao ya malezi

Kwa nini mtoto aliyeumizwa akalishwe na wenzake wenye shida kama zake?

Kwa sababu hao ndio anaowasikiliza. Kijana wa miaka 14 aliyepigwa na kutelekezwa na watu wazima hamwamini mtu mzima hata kidogo. Lakini wa kitanda cha pili akimwambia, "Hata mimi nilikuwa hivyo," anainua kichwa.

Njia hii ilijaribiwa wapi?

Mfano maarufu ni Highfields, kituo cha wavulana waliovunja sheria huko New Jersey, Marekani, mwaka 1950. Wavulana wapatao 20 waliishi miezi michache katika nyumba iliyokuwa ya rubani Charles Lindbergh. Mchana kazi, jioni kikao. Baadaye wataalamu wa malezi ya vijana, Harry Vorrath na Larry Brendtro, waliirekebisha njia hiyo ili watoto wajifunze kusaidiana badala ya kusutana.

Kikao kinakwendaje?

Watoto kama tisa, duara moja, dakika 90, siku tano kwa wiki. Kila mmoja anataja lake: "Leo nimemrushia mwenzangu sahani." Kisha wanakubaliana wenyewe kikao cha leo ni cha nani. Mimi naona uzito wote uko hapo, maana mtoto aliyezoea kusemwa sasa anapima nani anahitaji msaada zaidi. Mmoja anauliza, "Kabla hujarusha, alikwambia nini?" Kimya. Halafu, polepole: "Alisema mama haji Jumapili." Mlezi hahubiri. Anasubiri, na mwishoni anayakusanya yaliyosemwa.

Samaki mmoja akioza, si wote wataoza?

Inaweza kutokea. Mwaka 1999 mwanasaikolojia Thomas Dishion na wenzake walionya kwamba kuwakusanya vijana wakorofi pamoja kunaweza kuwazidishia ukorofi. Mmoja anasimulia alivyoiba, wenzake wanacheka, na kicheko kile kwake ni tuzo. Kwa hiyo mlezi atege sikio bwenini na jikoni pia, siyo kwenye kikao tu.

Nini kisiruhusiwe kabisa?

Mtoto kumwadhibu mwenzake, kumnyima chakula au kumshika kwa nguvu. Asilazimishwe kusimulia mbele ya kundi jinsi alivyonajisiwa. Hayo ayazungumze faragha na mshauri nasaha, akiwa tayari. Na mtoto akitaja kutaka kujiua, mtu mzima aambiwe papo hapo, mtoto asiachwe peke yake, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Watoto waelezwe tangu siku ya kwanza kwamba hilo halifichwi.