Umoja wa Kitaifa na Mapatano ya Viongozi

Umoja wa kitaifa ni hali ya watu wa nchi moja kukubali kwamba wana mambo ya pamoja (sheria, hazina, ulinzi, haki ya kusikizwa) hata kama kabila, dini na chama vinawatenga. Maana ni hiyo tu. Kinachonisumbua ni jinsi neno hili linavyotumiwa hapa Kenya tangu nchi ilipoanza kufunguliwa baada ya korona: vigogo wawili wakipatana, tunaambiwa taifa limeungana, na anayeuliza swali anaitwa mvurugaji wa umoja wa kitaifa.

Tuanze na neno "taifa". Limetoka katika Kiarabu, na huko maana yake ni kundi, yaani sehemu ya kundi kubwa zaidi la watu. Pwani ilidumu na maana hiyo kwa muda mrefu. Waswahili wa Mombasa walijulikana kama Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili: Taifa Tatu, ambao ni Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Taifa Tisa upande wa pili, wakiwemo Wamvita na Wajomvu. Kila upande ulikuwa na mkuu wake aliyeitwa tamim. Pande hizo zilishindana, tena sana, lakini Mchangamwe hakuacha kuwa Mchangamwe ili ahesabiwe mtu wa Mombasa. Mtu wa mji ule angeambiwa kuwa umoja wa mataifa yake ni kunyamaza, sidhani angeelewa anaambiwa nini.

Katiba ya 2010 nayo haikuuacha umoja wa kitaifa ukae peke yake. Kifungu cha 10 kinautaja katika aya moja na uzalendo, ugavi wa mamlaka na ugatuzi, utawala wa sheria, demokrasia na ushirikishaji wa wananchi. Ukiung'oa hapo ukauachanisha na wenzake, umeshika kitu kingine.

Sasa turudi 2020. Kafyu ilianza Machi 27. Aprili, Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, watu wasiingie wala kutoka. Mei ikawa zamu ya mtaa wa Eastleigh na Mji wa Kale wa Mombasa. Mikutano ya hadhara ilipigwa marufuku. Barabara za kaunti zilipofunguliwa Julai, kila mtu alikuwa akizungumzia kuijenga nchi upya, na Seneti ilikuwa imekwama kwenye jambo zito kuliko hotuba zote: mgao wa fedha za kaunti. Upande mmoja ulidai mtu mmoja, kura moja, shilingi moja, yaani mgao ufuate idadi ya watu. Upande wa pili, hasa wa kaunti kame na za Pwani, ulisema fomula hiyo ingezipokonya kaunti zao mabilioni. Kikao baada ya kikao kiliahirishwa. Agosti, maseneta watatu wa upande huo wa pili walikamatwa na polisi siku ya kikao. Maafikiano yalipatikana Septemba 17: fomula mpya ingoje mwaka wa fedha wa 2021/22, mgao wa kaunti uongezwe kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi bilioni 370, na kaunti yoyote isipoteze.

Wengi walitazama mvutano ule wakasema nchi inagawanyika. Mimi niliuona ndio umoja wa kitaifa wenyewe ukifanya kazi. Watu wa Mandera kwenye ukame na wa Kiambu kwenye watu wengi waligombania hazina moja, kwa sauti, mpaka wakapata njia. Asiyejihesabu kuwa wa nyumba hiyo hagombanii sahani yake.

Oktoba mwaka huo huo, kafyu ikiwa bado ipo, ripoti ya pili ya Mpango wa Maridhiano, BBI, uliotaka kubadilisha Katiba, ilizinduliwa katika ukumbi wa Bomas, Nairobi. Mpango huo ulikuwa tunda la salamu za Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Rais, na mpinzani wake Raila Odinga, za Machi 9, 2018. Mei 2021 Mahakama Kuu iliuzima, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikashikilia kwamba Rais hawezi kuanzisha mabadiliko ya Katiba kupitia njia iliyowekewa wananchi. Waliokwenda mahakamani waliitwa maadui wa umoja, ilhali walikuwa wakitetea huo utawala wa sheria uliomo katika aya ile ile.

Sibezi mapatano. Yale ya Februari 28, 2008 kati ya Rais Kibaki na Raila yalisaidia kukomesha umwagaji damu wa baada ya uchaguzi, na hilo ni jambo kubwa. Kwa hiyo viongozi wakipeana mikono, tuseme wamepatana, au wamefikia mwafaka. Wakigawana wizara, hiyo ni serikali ya mseto. Mitaani tuliiita nusu mkate na kila mtu alielewa. Na anayeyakataa mapendekezo yao kwa hoja, awe bungeni, mahakamani au barazani, tumwite mpinzani wa mapendekezo hayo.