Mo Ibrahim niliyemkuta kwenye kitabu cha mawimbi

Jina la Mo Ibrahim sikulisikia kwanza kwenye orodha ya matajiri. Lilikuwa kwenye ukurasa uliojaa fomula, na mhadhiri wetu alilitaja harakaharaka kama anayesoma jina la kituo cha daladala: "Ibrahim na Parsons, 1983." Tukaandika, tukafanya mtihani, tukasahau. Miaka ikapita, nikaajiriwa kazi ya kupanga minara ya simu, na siku moja ndipo nikang'amua kwamba yule Ibrahim wa fomula na yule Msudani aliyeuza kampuni ya simu ya Celtel kwa mabilioni ni mtu mmoja. Nilicheka peke yangu ofisini.

Wanaosimulia habari zake wengi huanzia kwenye mabilioni. Mimi naanzia kwenye ile fomula. Kwa macho ya mtu wa kazi hii, karibu yote aliyoyafanya baadaye yalikuwa yamo mle.

Kwa ufupi tu: alizaliwa Sudan mwaka 1946, Mnubi kwa asili, akakulia Alexandria, Misri, ambako familia yake ilihamia. Akasomea uhandisi wa umeme hukohuko Alexandria, akarudi Sudan kufanya kazi kwenye shirika la simu, halafu mwaka 1974 akaenda Uingereza. Shahada ya uzamili aliipata Bradford, ya uzamivu Birmingham.

Sasa, alikuwa anatafuta nini huko Birmingham? Swali lenyewe ni jepesi kulisema: ukisimamisha antena juu ya jengo mjini, mtu aliye chini mtaani, mbele kidogo, atapata mawimbi kiasi gani? Kwenye uwanda mtupu hesabu inajulikana. Mjini mawimbi yanagonga ukuta, yanapinda kwenye kona, yanapita juu ya mapaa, na kinachofika mtaani ni makombo. Ukizidisha umbali mara 2, nguvu haibaki nusu wala robo. Kwa kadirio la kawaida la mjini inashuka hadi karibu sehemu moja ya 16.

Ibrahim na mwenzake Parsons wakachukua vipimo London, kwenye masafa tofauti ya redio hadi karibu na megahezi 900, ambayo baadaye ndiyo yaliyokuja kubeba simu za mkononi. Ramani wakaigawa kwenye miraba ya mita 500 kwa 500. Kwa kila mraba wakauliza: sehemu gani ya ardhi imefunikwa na majengo? Katika majengo hayo, mangapi yana ghorofa 4 au zaidi? Ardhi ya hapa imepishana kiasi gani kwa mwinuko na ile yenye antena? Kutokana na majibu hayo ikatoka fomula ya kukadiria upotevu wa mawimbi.

Mtu wa Dar es Salaam anaielewa bila hesabu. Mbagala nyumba zimebanana lakini ni fupi. Kariakoo zimebanana na zimekwenda juu. Ukitumia kadirio moja kwa sehemu zote mbili, kwingine utajenga minara ya bure, kwingine wateja watakutukana. (London hawana mapaa ya bati wala miembe, kwa hiyo fomula yao hapa kwetu lazima uirekebishe. Nimewahi kupoteza wiki nzima kwa sababu ya minazi.)

Halafu kuna jambo ambalo wasio wa fani hulipita. Huu upotevu wa mawimbi unaonekana kama hasara, kumbe ndio unaoifanya biashara ya simu iwezekane. Masafa ni machache. Kama wimbi la mnara wa Magomeni lingefika Kibaha likiwa na nguvu zilezile, masafa hayo yangetumika mara moja tu kwa jiji zima. Kwa kuwa linakufa njiani, unaweza kuyatumia tena mtaa wa tatu, kisha wa sita, na mamilioni ya watu wakaongea kwa wakati mmoja. Ila sharti ujue linakufia wapi, na hilo ukilibahatisha utaumia. Ibrahim alikuwa miongoni mwa watu wachache duniani walioweza kulipiga hesabu.

Mwaka 1983 akaacha kufundisha, akaingia Cellnet, kampuni ya simu za mkononi ya British Telecom na mshirika wake, kama mkurugenzi wa ufundi. Mtandao ukawashwa Januari 1985. Hakudumu sana. Amesimulia mara nyingi jinsi alivyochoshwa na urasimu wa shirika kubwa. Mwaka 1989 akaanzisha kampuni yake, Mobile Systems International, ambayo sisi huiita MSI. Kazi yao ilikuwa kuwapangia mitandao makampuni yaliyokuwa yamepata leseni lakini hayajui mnara uanzie wapi. Ule ujuzi wa miraba wakauingiza kwenye programu ya kompyuta waliyoiita Planet. Programu hiyo imepita mikononi mwa wamiliki kadhaa, lakini jina lake bado lipo kwenye kompyuta za wapangaji wa mitandao hadi leo. Nimekesha nayo usiku mwingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mwaka 2000 MSI ilikuwa na wafanyakazi wapatao 800, na wafanyakazi wenyewe walishika karibu asilimia 30 ya hisa. Ikauzwa kwa Marconi ya Uingereza kwa dola milioni 900 na ushei. Mwaka uliofuata hisa za Marconi zikaporomoka vibaya. Bahati, labda. Kuondoka mapema ni jambo aliloweza kulifanya zaidi ya mara moja.

Kabla ya kuiuza, mwaka 1998, alikuwa ametenga upande mmoja wa kampuni kwa ajili ya kumiliki mitandao badala ya kuipangia wengine tu. Upande huo ndio uliokuja kuwa Celtel.

Kuna kisa ambacho mwenyewe amekisimulia. Serikali ya Uganda ilikuwa inatafuta wa kumpa leseni, naye akamdokezea bosi wa kampuni moja kubwa ya simu ya Ulaya. Bosi akamjibu kwamba hawezi kwenda kuwaambia wakurugenzi wenzake waweke fedha kwenye nchi ya Idi Amin. Amin alikuwa ameshaondoka Kampala tangu 1979! Yaani mtu mwenye kampuni ya mabilioni alikuwa anakadiria hatari ya Uganda kwa habari za miaka ya sabini. Nikisoma kisa hiki namwona yule mwanafunzi wa Birmingham: wenzake wote wanakisia, yeye anauliza nani kaenda kupima.

Benki nazo zilikisia vilevile. Mikopo ya kujenga mitandao Afrika haikupatikana kirahisi, kwa hiyo Celtel ilijengwa kwa kiasi kikubwa kwa mitaji ya wenye hisa, wakiwemo IFC, tawi la uwekezaji la Benki ya Dunia, na CDC, shirika la uwekezaji la Uingereza. Kwa kazi ya minara, ambapo unatoa fedha nyingi kabla ya kuuza dakika moja, hiyo ni njia ngumu.

Ndipo wakakutana na yale ambayo programu haikuonyeshi. Ulaya mnara unauchomeka kwenye umeme wa gridi, unafunga mlango, unaondoka. Huku mnara ni nyumba: jenereta mbili, tangi la dizeli, betri, uzio, mlinzi na barabara ya kufika. Congo, ambako barabara hakuna, vifaa vingine vilipelekwa kwa helikopta. Nakumbuka mnara mmoja wa kampuni niliyoifanyia kazi zamani, uliokuwa unazima kila alfajiri. Tulibadilisha kadi, tukabadilisha betri, tukaandikiana barua pepe zenye hasira. Mwisho fundi mmoja mzee akachovya kijiti kwenye tangi, akakitazama, akasema, "Wahandisi, dizeli inanywewa." Hakukuwa na tatizo lingine.

Kati ya mambo yote ya Celtel, ninalolipenda zaidi ni lile la Kinshasa na Brazzaville. Miji mikuu miwili inatazamana, katikati ni mto Congo tu. Ukipiga simu ng'ambo, ilipanda setilaiti, ikaenda Ulaya, ikarudi, na bei ilikuwa ya safari hiyo. Celtel ilikuwa na leseni pande zote mbili. Wakafunga dishi huku na dishi kule, vikatazamana juu ya maji. Kwa fundi wa redio ni kazi ndogo mno, mahali pa wazi kabisa, hakuna jengo wala mti. Miaka yote kilichokosekana hakikuwa ufundi.

Upande wa wateja, vocha za kukwangua ndizo zilizofungua soko. Mtu asiye na akaunti ya benki wala anwani ya nyumba huwezi kumpelekea bili mwisho wa mwezi. Unamuuzia salio kabla. Ila hapa si Celtel pekee, na kusema kweli walichelewa kidogo. Uganda mtandao wenye jina la Celtel ulikuwapo tangu 1995, lakini kwa bei za watu wa maofisini. MTN ikaja 1998 ikiwalenga watu wa kawaida, ikawapita upesi.

Kuhusu rushwa, Celtel walijiwekea kanuni: malipo yoyote yanayozidi dola 30,000 lazima yapite kwa bodi. Maana yake meneja wa nchi, akibanwa na mkubwa fulani, anaweza kujibu bila uongo kwamba kalamu hana yeye. Nimefanya kazi za manunuzi kidogo, najua jibu la namna hiyo lina thamani gani.

Watanzania tuna kumbukumbu zetu na hazijanyooka. Februari 2001 ule upande wa MSI uliokuja kuwa Celtel, pamoja na kampuni ya Detecon ya Ujerumani, walichukua asilimia 35 ya TTCL, kampuni ya simu ya taifa, pamoja na uendeshaji wake. Bei iliyotajwa ilikuwa dola milioni 120. Nusu ikalipwa, nusu ya pili ikazua mgogoro mrefu juu ya mahesabu ya TTCL. Wakati huohuo Celtel Tanzania, iliyozaliwa ndani ya TTCL mwishoni mwa 2001, ilikua haraka huku simu za mezani zikidhoofika. Mwaka 2005 zikatenganishwa: Celtel ikachukua asilimia 60 ya kampuni ya simu za mkononi, serikali ikabaki na 40. Mabishano ya nani alimnyonya nani hayakwisha, hadi 2019 serikali ilipoongezewa hisa kufikia asilimia 49 katika ile ambayo sasa ni Airtel Tanzania. Mimi ni mtu wa antena, si wa mahesabu, lakini anayemsimulia Mo Ibrahim Tanzania akaruka sura hii hajasema kweli yote.

Mwaka huohuo wa 2005, Celtel ikiwa inajiandaa kuingia soko la hisa la London, kampuni ya simu ya MTC ya Kuwait ikaja na ofa ya dola bilioni 3.4. Ikauzwa, ikiwa na mitandao katika nchi 13 za Afrika. Ibrahim akabaki mwenyekiti kwa muda, na katika kipindi hicho, Septemba 2006, ikaja One Network: Kenya, Uganda na Tanzania zikawa kama nchi moja kwa mteja wa Celtel. Unavuka Namanga na laini yako ileile, kupokea simu ni bure, unanunua vocha ya Kenya unaikwangua inaingia. Ambao walikuwa wakipanda mabasi ya Nairobi miaka ile wanakumbuka. Kabla yake, mpakani ulikuwa unatoa laini kwa ukucha, unaifunga kwenye karatasi ya pipi, unaomba isipotee.

MTC ikawa Zain, jina Celtel likafutwa 2008. Mwaka 2010 Bharti ya India ikanunua sehemu kubwa ya biashara ya Zain barani Afrika kwa dola bilioni 10.7, na jina likawa Airtel.

Ibrahim akarudi kupima. Taasisi yake ilianzishwa 2006, na inatoa faharisi ya utawala bora inayozipa alama nchi za Afrika: usalama, sheria, afya, barabara. Nikiitazama naiona ile miraba ya London, safari hii mraba ni nchi nzima. Sina hakika kwamba utawala unapimika hivyo. Hata jengo lenye ghorofa 4 lina ubishi wake. Pia kuna tuzo ya dola milioni 5 kwa rais aliyeongoza vizuri na kuondoka kwa mujibu wa katiba. Wa kwanza alikuwa Joaquim Chissano wa Msumbiji, mwaka 2007. Kamati yake imewahi kuongozwa na Salim Ahmed Salim wetu. Watu hulalamika kwamba miaka mingi haina mshindi. Mimi hilo ndilo linalonifanya niiheshimu, kwani kipimo kisichoweza kusoma sifuri ni kibovu.

Juzijuzi tulikuwa kwenye draivu testi njia ya Chalinze: gari, kompyuta mpakato, simu nne zimefungwa kwenye dashibodi, kazi ni kuendesha polepole na kurekodi. Tukasimama kununua maji kwenye duka lililopakwa rangi nyekundu. Nyekundu imebanduka, chini yake zambarau ya Zain, na pembeni pa dirisha kipande cha njano ya Celtel.

"Mwanangu," mama mwenye duka akaniuliza, "mnatuletea netiwaki lini?"

"Ipo, mama. Hapa nasoma vizuri tu."

"Hapo barabarani ipo. Njoo jikoni."

Nikachomoa simu moja kwenye dashibodi, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikainama mlangoni, nikasimama karibu na jiko la mkaa chini ya bati. Hasi 112, yaani makombo tu ya mawimbi. Nikaandika.