Pipa likikuangukia kichwani, nani athibitishe uzembe?

Wateja wengi wanaonijia baada ya ajali huwa wameshaikata kesi wao wenyewe. Nimeumia, gari ni lao, jengo ni lao, basi wanilipe. Inabidi niwaudhi kidogo mapema: mahakama haimlipi mtu fidia kwa sababu ameumia. Humlipa kwa sababu kuna aliyekuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, akauvunja wajibu huo, na kule kuuvunja ndiko kulikomletea madhara. Na kazi ya kuyathibitisha hayo ni ya mdai, tangu mwanzo hadi mwisho wa kesi. Mdaiwa anaweza asiite shahidi hata mmoja, na mdai akaanguka vilevile.

Afueni yake ni kwamba hii ni kesi ya madai, si ya jinai. Hatudaiwi kuthibitisha pasipo kuacha shaka. Inatosha hakimu aone kwamba maelezo yetu yana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Mizani ikituelemea kidogo tu, tumeshinda. Ikisimama sawasawa, tumeshindwa, kwa kuwa mzigo ulikuwa wetu.

Kipimo cha uzembe chenyewe ni cha zamani na hakijabadilika sana. Katika kesi ya Blyth ya mwaka 1856 nchini Uingereza, jaji alisema uzembe ni kuacha kufanya ambalo mtu mwenye busara ya kawaida angelifanya, au kufanya ambalo mtu huyo asingelifanya. Bomba la maji lilivujia nyumba ya mdai wakati wa baridi kali isiyo ya kawaida, na kampuni ya maji ikashinda, kwa sababu baridi ya namna ile haikuwa jambo ambalo mtu mwenye busara angejiandaa nalo. Hasara ilikuwepo, bomba lilikuwa lao, lakini uzembe haukuwepo.

Shida huanza pale mdai asipojua kilichotokea. Alikuwa anapita, au amelala chini ya nusukaputi, au amekaa kiti cha nyuma. Anayejua ni mdaiwa, na mdaiwa hana sababu ya kusema. Ukishikilia kanuni kwamba anayedai ndiye athibitishe bila kulegeza popote, unamzawadia mwenye siri.

Kesi iliyolegeza fundo hilo ni ya Byrne dhidi ya Boadle, 1863. Byrne alikuwa akipita barabarani Liverpool, mbele ya ghala la mfanyabiashara wa unga. Pipa la unga likamwangukia kutoka juu. Yeye hakukumbuka kitu. Mashahidi waliona pipa likianguka, lakini hakuna aliyeona lilikuwa limefungwaje, nani alikuwa akilishusha, au kamba ilikatika wapi. Katika hatua ya kwanza mdai alitolewa mahakamani: hukuonyesha uzembe wowote. Jaji Pollock na wenzake hawakukubali. Pipa, walisema, haliviringiki lenyewe kutoka ghalani bila uzembe fulani, na kumtaka mtu aliyeangukiwa alete mashahidi wa mle ghalani ni upuuzi. Kuanguka kwa pipa kulikuwa ushahidi wa kutosha wa kumtaka mwenye ghala ajieleze. Kanuni hiyo mawakili tunaiita kwa Kilatini, res ipsa loquitur: jambo lenyewe lasema.

Miaka miwili baadaye, 1865, mifuko ya sukari ilimwangukia afisa wa forodha kwenye gati za London, na katika kesi yake, Scott, majaji wakaipa kanuni hiyo mipaka ambayo bado tunaitumia. Kitu kilichodhuru kiwe chini ya usimamizi wa mdaiwa au watumishi wake. Ajali iwe ya aina ambayo kwa kawaida haitokei wasimamizi wakiwa waangalifu. Na mdaiwa awe hajatoa maelezo.

Sharti la pili ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Watu husoma "ajali" na kuruka hadi "uzembe". Lakini mgonjwa anaweza kufariki baada ya upasuaji uliofanywa vizuri kabisa, na tairi jipya linaweza kupasuka kwa msumari uliodondoka barabarani dakika iliyopita. Ajali hizo hazisemi lolote zenyewe. Pamba ya upasuaji iliyosahauliwa tumboni ni jambo jingine. Hakimu hahitaji shahada ya udaktari kuelewa kwamba haikuingia yenyewe.

Sharti la kwanza nalo limevutwa mbali sana huko California. Katika kesi ya Ybarra, 1944, mgonjwa aliingia kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo akaamka na bega lenye maumivu, ambalo baadaye lilipooza. Hakujua ni nani kati ya madaktari na wauguzi aliyemuumiza, na si rahisi kusema kwamba kila mmoja wao alikuwa na usimamizi wa kila kitu. Mahakama ikawataka wote waliomshughulikia akiwa hana fahamu wajieleze. Naona uamuzi ule ulikuwa wa haki kwa yule mgonjwa, ila singemshauri wakili kijana autegemee mahali pengine. Mahakama nyingi hazikuufuata mbali kiasi hicho.

Sasa swali ambalo hata mawakili wazoefu hubishana: dhana hii, kwamba ajali yenyewe inaonyesha uzembe, inamfanya nini mdaiwa? Je, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwake, au anatakiwa tu aseme kitu? Jibu ninalolifuata ni la Baraza la Mfalme (Privy Council), mahakama ya rufaa iliyoko London, lililotolewa 1988 katika kesi ya Ng Chun Pui kutoka Hong Kong. Basi lilivuka ukingo wa katikati ya barabara na kugonga basi dogo lililokuwa likija upande wa pili. Mdai hakuita mashahidi wa uzembe, alitegemea dhana peke yake. Dereva akaeleza kwamba gari dogo lilimkatia ghafla mbele, akafunga breki, akakwepa, basi likateleza. Maelezo yake yakakubaliwa, na mdai akashindwa. Mzigo, walisema, hauhami kamwe. Ushahidi wa mdai unaweza kuwa mzito kiasi cha kumlazimisha mdaiwa ajibu, lakini akijibu kwa maelezo yanayoaminika na yasiyo na uzembe ndani yake, dhana inayeyuka na mdai anarudi alipoanzia.

Lakini si kila jibu ni jibu. Mwishoni mwa miaka ya 1960, katika kesi ya Henderson, lori lilikatika breki mlimani na kuua mtu. Wamiliki walisema bomba la mafuta ya breki lilikuwa limeliwa na kutu mahali pasipoonekana bila kulifungua, na kwamba walilikagua kama watengenezaji walivyoelekeza. Yanasikika vizuri. Mahakama ya juu ikawauliza: lori hili limebeba nini maishani mwake, limepita wapi, kuna lolote lililofanya kutu izidi? Hawakuleta ushahidi huo. Wakashindwa. Hii ndiyo kesi ninayoitumia zaidi mbele ya mdaiwa anayesema "kilikuwa kitu kisichoonekana", kwa sababu historia ya chombo iko kwenye kabati lake, haiko kwangu.

Kuna mtego mwingine upande wa mdai. Dhana ni ya asiyejua. Ukishapata ushahidi wa jinsi ajali ilivyotokea, uutumie. Katika Barkway, 1950, tairi la basi lilipasuka na basi likaporomoka kwenye tuta. Sababu ilikuwa inajulikana: tairi lilipata kishindo, na kampuni haikuwa na utaratibu wa kuwataka madereva watoe taarifa ya vishindo vya namna hiyo. Majaji walisema hapa hakuna haja ya dhana yoyote, uzembe umethibitishwa kwa ushahidi wa kawaida. Ndiyo maana katika hati ya madai naandika vyote viwili: kwanza nachambua kila kosa ninaloweza kulitaja, kisha naongeza kwamba mdai atategemea pia dhana. Wakili anayeandika dhana peke yake anacheza kamari na mguu wa mteja wake.

Mahakama ya Juu ya Kanada ilichoka na malumbano haya, na mwaka 1998, katika kesi ya Fontaine, ikasema jina la Kilatini listaafu: huu ni ushahidi wa mazingira tu, upimwe pamoja na ushahidi mwingine. Naliona ni la busara. Jina la Kilatini linawadanganya watu kwamba kuna kanuni maalumu, kumbe ni akili ya kawaida iliyovaa joho. Nchi nyingine zimekwenda upande wa pili kabisa. Kanuni ya madai ya Ujerumani, kifungu cha 836, inamdhania mwenye jengo kuwa na kosa jengo likiporomoka kwa ubovu wa ujenzi au matunzo, na ni yeye athibitishe kwamba alichukua tahadhari. Pale mzigo unahama kweli, kwa sababu sheria imesema hivyo.

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza si kutafuta Kilatini bali karatasi. Rejista ya matengenezo, daftari la zamu, picha za eneo kabla halijasafishwa, mchoro wa ajali wa polisi. Naandika barua mapema kumtaka mdaiwa avihifadhi, kwa sababu vikija kupotea baada ya barua hiyo, hakimu anaweza kumfikiria vibaya yule aliyevipoteza. Dereva akiwa ameshatiwa hatiani kwa kuendesha kizembe, hukumu ile ya jinai nayo naichukua. Uzito wake unategemea sheria ya ushahidi ya nchi husika.

Na hata ukivuka yote hayo, bado kuna kitanzi cha mwisho: je, uzembe ndio ulioleta madhara? Katika kesi ya Barnett, mwishoni mwa miaka ya 1960, walinzi watatu wa usiku walikunywa chai, wakatapika, wakaenda hospitali. Daktari wa zamu hakuja kuwaona, alisema kwa simu waende nyumbani wakamwone daktari wao. Mmoja alikufa baada ya saa chache, na ikagundulika ni sumu ya aseniki. Daktari alikuwa mzembe, mahakama ilisema wazi. Mjane akashindwa hata hivyo, kwa sababu ushahidi ulionyesha kwamba hata mumewe angelazwa na kupimwa, dawa isingemfikia kwa wakati.

Tangu niisome kesi hiyo, swali la kwanza ninaloliandika kwa daktari mtaalamu si kama mwenzake alikosea. Namuuliza: asingekosea, mgonjwa huyu angekuwa katika hali gani leo, na una uhakika kiasi gani? Jibu lake likiwa "huenda angepona", namrudishia ripoti, na kabla ya kulipia ada ya kufungua kesi namweleza mteja kwamba "huenda" haifiki nusu ya mizani.