Saratani kwa Manusura wa Hiroshima na Nagasaki: Athari Zilizochelewa

Mabomu ya atomiki yaliyoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti na Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945 yaliua maelfu kwa maelfu ya watu. Kwa walionusurika, mionzi iliyowapenya kwa muda mfupi mno iliacha athari za miaka mingi, ambazo tunazifahamu kutokana na ufuatiliaji ulioanza mwaka 1950, ukihusisha manusura wapatao 94,000 na wenzao 27,000 hivi ambao hawakuwamo mijini humo siku za milipuko.

Kazi ngumu ilikuwa kukadiria kiasi cha mionzi, kwa kuwa hakuna mkazi aliyekuwa amevaa kifaa cha kuipima. Wahojaji waliketi na manusura wakiwauliza walikuwa wapi, wamesimama au wamelala, wameelekea upande gani, ndani ya nyumba ya mbao au nyuma ya ukuta wa zege, kisha wakachora hata mpangilio wa nyumba. Kwa maoni yangu, bila michoro hiyo ya mkono hesabu zote zilizofuata zingekuwa za kubahatisha.

Iliyotangulia ni saratani ya damu, ambayo ilianza kuongezeka miaka michache tu baada ya milipuko na kufikia kilele katika mwaka wa 6 hadi wa 8, hasa kwa waliokuwa watoto. Saratani za viungo, zikiwemo za matiti, mapafu na tumbo, zilichelewa kwa miaka 10 au zaidi, kwa sababu seli iliyoharibiwa vinasaba huweza kuishi na kugawanyika kwa muda mrefu kabla madhara mengine hayajaongezeka juu yake. Msichana aliyepatwa na mionzi aliweza kukua, kuolewa na kulea akiwa mzima, hadi kufikia umri ambao saratani ya matiti huwapata wanawake kwa kawaida, ila yeye akiwa katika hatari kubwa zaidi.

Hata hivyo, kupata mionzi si sawa na kuhukumiwa saratani. Miongoni mwa manusura 44,635 waliokadiriwa kupata zaidi ya kiasi kidogo mno cha mionzi na kufuatiliwa kati ya 1958 na 1998, waliougua saratani za viungo walikuwa 7,851, na inakadiriwa kuwa 848 kati ya hizo ndizo zilizosababishwa na mionzi. Ni zipi hasa, hakuna daktari awezaye kumwambia mgonjwa, maana hazina alama ya kuzitofautisha na nyingine.

Watoto waliotungwa mimba baada ya milipuko nao wamefuatiliwa, na hadi sasa haijaonekana ongezeko la saratani kwao, ingawa familia nyingi za manusura zilibaguliwa katika ndoa kwa hofu hiyo.

Viwango vinavyowalinda wafanyakazi wa vyumba vya eksirei vimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya takwimu hizi. Na kwa kuwa zilionyesha kwamba aliyepata mionzi akiwa mdogo hubeba hatari kubwa zaidi, mtaalamu hutakiwa kupunguza kiasi cha mionzi anapompiga mtoto picha, au kutumia altrasaundi, ambayo haina mionzi hiyo, pale inapotosheleza.